Somo la Kikundi: Daftari la Ndugu Waliokamatwa



Vikundi vyetu vya kando ya ziwa vinajua kuweka vitabu. Kuanzia Dunga hadi Usenge, mweka hazina anaweza kukwambia ni nani hajalipa hisa yake, nani alichelewa mkutano akatozwa faini, na sufuria kubwa za kikundi ziko kwa nani. Hata penye matanga daftari la michango huandikwa usiku ule ule, jina kwa jina, na asiyetoa anajulikana. Lakini kijana wa mwanakikundi akichukuliwa na polisi siku ya Ijumaa, hakuna anayeandika kitu. Tunapiga simu, tunalia, tunachanga pesa. Wiki mbili baadaye ukiuliza alikamatwa saa ngapi, mama anasema ni asubuhi, jirani anasema ilikuwa baada ya chakula cha mchana, na mwenye duka anasema hapana, jua lilikuwa linatua.

Somo la mwezi huu ni juu ya hilo daftari linalokosekana. Halihitaji kompyuta wala mtu aliyesoma sana. Linahitaji kitabu cha kurasa 96, kalamu ya wino, na watu wawili waaminifu.

Saa ndiyo ya kwanza

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Anayo haki ya kunyamaza. Anayo haki ya kuzungumza na wakili na watu wengine wanaoweza kumsaidia. Na ni lazima afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, bila kupita masaa 24 tangu akamatwe. Masaa hayo yakiishia wakati mahakama imefungwa, au siku ambayo si ya mahakama, basi muda unasogea mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Sasa tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu amekamatwa Jumanne saa nne asubuhi. Masaa 24 yanaisha Jumatano saa nne asubuhi, na mahakama iko wazi. Hakuna maneno mengine. Mwingine amekamatwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Masaa yake yanaisha Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mahakama imeshafungwa, na Jumamosi na Jumapili hakuna kesi. Kwa hivyo polisi wana mpaka mwisho wa Jumatatu. Amelala seli usiku nne, na sheria haijavunjwa. Akikamatwa jioni ya Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu ni sikukuu, Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, atafika mahakamani Jumanne: usiku tano. Wanaopenda kukamata watu mwisho wa wiki wanaijua hesabu hii vizuri kuliko sisi.

Na yule wa Ijumaa saa nne asubuhi? Wengi watasema, "Huyo ni wa Jumatatu." Lakini soma tena yale maneno: haraka iwezekanavyo. Mahakama ilikuwa wazi mchana wote wa Ijumaa. Masaa 24 ni ukomo, si ruhusa ya kukaa na mtu mpaka ukomo ufike. Hapo kikundi kina swali la haki la kumwuliza OCS. Tena OCS mwenyewe ana uwezo wa kumwachilia mtu wa kosa dogo kwa dhamana ya polisi bila kungoja hakimu. Dhamana hiyo haiuzwi. Kama kuna pesa taslimu zimewekwa, lazima risiti itoke, na pesa hizo hurudishwa. Polisi wakihitaji siku zaidi za uchunguzi, wanaomba mahakamani, na anayezitoa ni hakimu, si askari.

Jambo kubwa ni hili. Masaa yanahesabiwa tangu kukamatwa, si tangu kufika kituoni. Mtu anaweza kukamatwa saa tatu asubuhi sokoni, akazungushwa kwenye gari, akawekwa kwa chifu, na jina lake likaandikwa kituoni saa mbili usiku. Kitabu cha polisi kitaonyesha saa mbili usiku. Hakuna karatasi nyingine yoyote inayoonyesha saa tatu asubuhi, isipokuwa ninyi mliokuwa pale sokoni mliiandika. Ndiyo maana tunasema daftari lianze na saa, hata kabla ya jina la kituo.

Andikeni saa kwa njia mbili. Sisi tunasema "saa kumi jioni". Polisi wanaandika 1600. Karani wa mjini anaweza kusikia "saa kumi" akaandika 10, na papo hapo masaa sita yamepotea au yameongezeka. Kwa hiyo andika: saa kumi jioni (1600). Saa moja asubuhi ni 0700. Saa mbili usiku ni 2000. Katibu afanye mazoezi mpaka aizoee.

Mistari ya daftari

Pigeni mistari ya safu kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Safu ya kwanza ni siku, tarehe na saa ya kukamatwa. Ya pili ni mahali, na iandikwe vizuri: "stendi ya bodaboda ya njia panda", si "mjini". Ya tatu ni aliyekamata: polisi wenye sare, watu wasio na sare, chifu na wasaidizi wake, askari wa kaunti, au maafisa wa uvuvi. Namba ya gari ikionekana, iandikwe.

Kisha jina. Hapa kwetu jina moja halitoshi. Seli moja inaweza kuwa na akina Otieno watatu na Ouma wawili. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina la baba, kijiji, na lile jina la utani ambalo watu wanamwitia. Kuna vijana ambao hata kaka zao hawajui jina lililo kwenye kitambulisho, na ukienda langoni kumwulizia kwa jina la mpira, utaambiwa hayupo. Umri uandikwe pia, na kama ni mwanamke ana mimba au mtoto anayenyonya. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku awekewe alama tu kwenye daftari. Aina ya ugonjwa iandikwe kwenye karatasi ya pembeni itakayopelekwa kwa OCS au kwa muuguzi, isikae kwenye daftari la kusomwa na kila mtu.

Safu zinazofuata zinajazwa kadiri habari zinavyokuja: kituo alichopelekwa, namba ya OB, kosa linalosemwa, siku aliyofikishwa mahakamani, mahakama ipi, namba ya kesi, masharti ya dhamana, tarehe ya kesi kutajwa tena, na mahali alipo leo. Safu ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana: nani alitupa habari hii, na lini. Aliyeona kwa macho yake si sawa na aliyeambiwa na mtu kwenye matatu.

Msichojua, andikeni "haijulikani". Msiache wazi, na msiandike sifuri. Nafasi iliyo wazi inaweza kumaanisha hamkuuliza, au mliuliza mkanyimwa, au katibu alisahau. Na makosa yasifutwe kwa rangi nyeupe. Pigeni mstari mmoja juu ya neno, andikeni lililo sahihi, mtie sahihi na tarehe. Kitabu kilichofutwafutwa hakiaminiki hata kama kinasema kweli.

Kuna kitu kimoja hakiandikwi kabisa, nacho ni yale ambayo mtu mwenyewe amesema kuhusu kosa. Msimwulize kama kweli aliiba, au kama chang'aa ilikuwa yake. Hayo ni ya wakili wake. Ukuta wa seli una masikio, na daftari lenu siku moja linaweza kuitwa mahakamani.

Kwenda kituoni

Nendeni wawili, mwanamume na mwanamke ikiwezekana, mkiwa na vitambulisho. Msiende kumi na watano mkiimba. Salimieni kwa heshima, semeni mmetoka kikundi gani, mmekuja kumwulizia fulani. Ombeni namba ya OB, yaani namba ya kile kitabu cha matukio. Ulizeni kosa, ulizeni siku ya kwenda mahakamani, ulizeni kama dhamana ya polisi inawezekana. Mkijibiwa, shukuruni, mtoke nje ndipo mwandike. Msipige picha ndani.

Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011 inataka kituo kiwe na rejista ya kila mtu anayezuiliwa: jina lake, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa ya kukamatwa, saa ya kufikishwa mahakamani mara ya kwanza, afisa aliyemkamata, na akihamishwa, kahamishwa lini. Sheria hiyo hiyo inataka wanawake wawekwe mbali na wanaume, na watoto mbali na watu wazima. Kwa hiyo mnapouliza mambo haya hamwombi siri ya serikali. Mnauliza vitu ambavyo kituo kinatakiwa kuwa kimeviandika tayari. Semeni hivyo kwa upole, bila kumnyooshea mtu kidole. Askari wengi wa zamu ni watoto wa watu kama sisi, na wengine watafurahi kuona kwamba kuna mtu anaulizia.

Mkiambiwa "huyo hatuna hapa", andikeni pia. Andikeni saa na, kama inajulikana, cheo cha aliyejibu. Kisha nendeni kituo kinachofuata. Boma la chifu si kituo cha polisi. Chifu akimshika mtu anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang', mwalimu kijana aliyekuwa pia akiandika mambo ya siasa mtandaoni, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti ya Homa Bay. Alipitishwa kituo cha Mawego, kisha akasafirishwa mpaka Nairobi. Baba yake alimfuata akiwa na hati ya shamba mkononi, akitumaini kumtolea dhamana. Kufikia Jumapili kijana alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi wa kituo cha Central. Polisi walisema kwanza kwamba aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari waliopasua mwili walipata majeraha ya kichwa, kubanwa shingo, na maumivu mwilini, wakasema mtu hawezi kujifanyia hivyo. Mwezi huo huo polisi na watu wengine walishtakiwa kwa mauaji. Kamera za kituo, kama IPOA ilivyoeleza, zilikuwa zimeguswa. Lakini familia ilijua siku, ilijua mahali alipochukuliwa, ilijua alipelekwa wapi kwanza na wapi baadaye. Haya hakuna aliyeweza kuyagusa. Maswali yalianza siku ile ile.

Kutoka seli mpaka Kodiaga

Mtu akishafika mbele ya hakimu na dhamana ikashindikana, anapelekwa rumande. Kwetu Kisumu hiyo maana yake ni Kodiaga, au Kibos. Na huko ndiko watu husahaulika, kwa sababu familia zinadhani kazi imekwisha. Mahabusu si mfungwa, hajahukumiwa. Yuko pale anangoja, na kungoja kunaweza kuwa kurefu sana.

Angalieni kwanza safu ya kosa. Kifungu kile cha 49 kina sehemu ambayo watu wachache wanaijua: mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa hivyo msitosheke na neno "ulevi" au "fujo". Tafuteni sheria na kifungu kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka, mkamwulize mtu wa sheria adhabu yake ni ipi. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliozinduliwa Januari 2017 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulipitia vitabu vya polisi, mahakama na magereza, na ukaonyesha jinsi makosa madogo madogo ya watu maskini yanavyojaza seli zetu: kulewa, kuuza bila leseni, kuzurura, kusumbua watu. Na walioupitia waliona pia vitabu visivyojazwa vizuri.

Kisha angalieni safu ya dhamana. Kama imeandikwa shilingi elfu ishirini na familia inaweza kupata elfu tano, mahabusu anaweza kuomba mahakama ipunguze, au aende Mahakama Kuu. Mara nyingi hakimu humtuma afisa wa probesheni kuangalia nyumbani kwa mtu: anaishi wapi, ni nani anamjua, atatoroka au hatatoroka. Afisa huyo akifika kijijini asipate mtu wa kumwonyesha boma, anarudi bila habari, na mtu anabaki ndani. Hapa kikundi kinaweza kufanya kazi kubwa kwa nauli ndogo. Mjue ofisi ya probesheni iko wapi, mwende mwambie afisa: tunamjua huyu, boma lake ni hili, namba ya kesi ni hii. Ofisi hiyo hiyo ndiyo inayosimamia kazi za jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, ambapo mtu mwenye kifungo cha miaka mitatu kushuka chini anaweza kufagia soko au kuchimba mtaro wa shule badala ya kukaa ndani.

Mkienda kutembelea gerezani, nendeni na majina kamili na namba ya kesi. Baada ya kumwona ndugu yenu, mwulizeni kama kuna wengine anaolala nao ambao hawajawahi kutembelewa. Chukueni jina na kijiji. Kila tunapofanya hivyo tunapata mtu ambaye kwao wanadhani amehamia Nairobi kutafuta kazi. Padre au sista anayehudumu gerezani anaweza kuwasaidia pale ambapo mlango ni mgumu. Kule Malawi, tangu mwaka 2000, wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili wamekuwa wakiingia magerezani, wanaandika orodha ya mahabusu waliopitisha muda, wanaipeleka kwa mahakimu. Mahakimu wengine walitoka mahakamani wakaenda kusikiliza kesi gerezani kwenyewe. Orodha ndiyo iliyowatoa ofisini.

Wavuvi na watoto

Ziwani mambo ni tofauti kidogo. Mashua ikitoka jioni isirudi asubuhi, familia haijui kama ilie au iende kuuliza polisi. Upepo? Majambazi? Maafisa wa uvuvi kwa sababu ya nyavu? Au askari wa Uganda? Tangu mvutano wa Migingo upambe moto mwaka 2009 sote tumesikia habari za wavuvi wetu kushikwa upande ule. Katibu wa BMU anatakiwa kuwa na rejista ya mashua za bichi yake. Ongezeni kwenye daftari la kikundi, kila jioni, namba ya mashua, majina ya waliomo na saa waliyotoka. Ni mistari mitatu tu. Mashua isiporudi, mnapiga simu bichi za jirani na za visiwani, na mnajua mnawatafuta nani. Ikijulikana wako mikononi mwa Uganda, mtu anayezuiliwa nchi ya kigeni ana haki ubalozi wake ujulishwe. Ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndogo ipelekewe majina yale, yakiandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho, ili yaende Kampala.

Mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, asikae na watu wazima hata usiku mmoja. Katiba, kifungu cha 53, inasema kumzuilia mtoto kuwe njia ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Kwa hiyo mkiona mtoto ndani msingoje mkutano: mpigieni afisa wa watoto, au simu ya bure 116. Pelekeni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, maana vijana wetu ni warefu na askari hukadiria umri kwa macho.

Kutoka majina hadi hesabu

Jina moja linamsaidia mtu mmoja. Hesabu ya miezi mitatu inasaidia hata wale ambao bado hawajakamatwa. Tuchukue mfano, na huu ni wa mazoezi tu. Katika miezi mitatu daftari lina mistari 17. Mnapitia upya mnaona jina moja limeandikwa mara mbili, kwa kuwa mtu alihamishwa kituo. Basi ni watu 16. Kati yao, 9 walikamatwa kati ya Alhamisi jioni na Jumamosi. Waliopitisha muda wa katiba bila kuona hakimu ni 4. Walioachiliwa bila kushtakiwa ni 7. Watoto 2. Mmoja haijulikani alipo.

Ripoti iandikwe hivyo hivyo, kwa ukurasa mmoja, bila matusi na bila hotuba. Msiseme "asilimia 25 ya wananchi wa kata yetu wanazuiliwa kinyume cha sheria". Semeni "watu 4 kati ya 16 tuliowaandika". Ninyi hamkuandika kila aliyekamatwa, mliandika wale mliowajua, na mkisema hivyo wazi hakuna atakayewaangusha. Yule mmoja asiyejulikana alipo asimezwe na jumla. Apewe aya yake mwenyewe, juu kabisa ya ukurasa.

Ipelekwe wapi? Kwanza kwa OCS mwenyewe, ana kwa ana. Wengine hurekebisha hapo hapo. Pili kwa kamati ya watumiaji wa mahakama, ambayo hukutanisha mahakimu, polisi, magereza, probesheni, maafisa wa watoto na wawakilishi wa jamii. Ombeni nafasi ya dakika kumi. Mambo mazito kama kupigwa, kuumizwa au kifo yaende IPOA, mamlaka huru inayoangalia utendakazi wa polisi, ambayo ina ofisi Kisumu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo ina ofisi Kisumu. Mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili aelekezwe kwenye huduma ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Mkitaka hesabu za kituo chenyewe, mnaweza kuziomba kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki hiyo. Barua iwe ya Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo akaandikiwa. Jibu litoke ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, basi ni masaa 48. Mkikataliwa, Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo watu huiita Ombudsman, husikiliza malalamiko. Wekeni nakala ya barua, na aliyeipokea agonge muhuri.

Kwenye ripoti hakuna majina. Majina yanabaki kwenye daftari, na daftari linafungiwa sandukuni pamoja na pesa za kikundi. Mtu aliyekamatwa hajawa mwizi, na msichana aliyelala seli usiku mmoja asije akasomwa jina lake barazani. Jina litoke tu mtu mwenyewe au familia yake ikikubali, na kwa ofisi inayoweza kusaidia.

Lakini yapo majina yaliyotakiwa kusomwa kwa sauti. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wakiwa na orodha ya wana wao 52, kisha wakakaa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakifunga kula. Tarehe 3 Machi walipigwa na kutupiwa gesi. Wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 wana wao walianza kutoka, karibu wote kwa pamoja. Wengi wa mama hao walikuwa wanawake wa kijijini. Serikali ilisema hakuna wafungwa wa kisiasa, na wao walikuwa na majina, moja moja.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Chagueni watu wawili wa kuweka daftari, na wa tatu wa kushika mmoja akisafiri. Asiwe mtu anayewania cheo, wala asiwe na kesi na jirani.

Pigeni mistari, kisha jaribuni na jambo la kweli: mwanakikundi yeyote ambaye ndugu yake alikamatwa mwaka huu aeleze, na katibu ajaze. Mtaona wenyewe ni safu ngapi zitaandikwa "haijulikani".

Jadilini haya. Mtu amekamatwa Jumatano saa kumi na moja jioni, na Alhamisi ni sikukuu ya taifa. Mwisho wa muda wake ni lini, na atakuwa amelala seli usiku ngapi? Je, kituo kilicho karibu nasi kina chumba cha wanawake? Ni nani kati yetu amewahi kuingia mahakamani kusikiliza tu? Na kutoka kijiji hiki, ni nani yuko Kodiaga leo ambaye hajatembelewa tangu Pasaka?